Kuanzia Miguuni: Mwongozo wa Kujizoeza Unyenyekevu wa Kikristo Kila Siku

Kila asubuhi katika mitaa ya Mombasa, kutoka Likoni hadi Kisauni, watoto huwaamkia wakubwa wao kwa neno ambalo wengi wetu tumelizoea kiasi cha kutolisikia tena. Wazee hutufundisha kwamba shikamoo ni ufupisho wa "nashika miguu yako", yaani mdogo hujishusha mpaka chini kabisa mbele ya mkubwa wake, japo siku hizi hujishusha kwa ulimi tu, mkoba wa shule ukiwa mgongoni na mguu mmoja ukiwa tayari barabarani. Tukiichukua salamu hiyo na kwenda nayo katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, tunaikuta imepinduliwa: mkubwa, Yesu mwenyewe, ndiye anayeondoka mezani, anaweka kando mavazi yake, anajifunga kitambaa na kuishika miguu ya wadogo wake mmoja baada ya mwingine, hata ya yule atakayemsaliti kabla hakujapambazuka. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani inasema kwamba aliwatawadha, nalo ni neno lile lile tunalolisikia mtaani jirani Mwislamu anapoharakisha kutawadha kabla ya swala ya alasiri, hivi kwamba msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwamba hapa pana maji, pana mikono, na pana miguu yenye vumbi.

Nimeanza na miguu kwa makusudi. Wengi wanaotamani kuwa wanyenyekevu huanza kwa kuuchungulia moyo, wakijiuliza kila saa kama wamekwisha kufika, na mwisho wa kujichungulia huko ni kujitazama tu, tena kwa kupendezwa. Mwongozo huu unapita njia nyingine: ushughulishe mwili kwanza, katika kazi na mahali panapojulikana, na umwachie Mungu kuushughulikia moyo, kwa kuwa hiyo ni kazi yake. Hatua ziko saba, nami nashauri usizianze zote kwa pamoja. Chukua moja, ukae nayo wiki moja au mbili, kisha uongeze nyingine, ukijua kwamba ya tano itakuchelewesha kuliko zote.

Hatua ya kwanza: tenga unyenyekevu na unyonge

Kabla hujainama, ni lazima ujue ni nani anayekuinamisha. Pwani yetu inalijua neno mtumwa kwa undani ambao mahubiri mengi huupita juu juu. Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Frere Town ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, ili kiwapokee watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya biashara ya utumwa, na kengele ya mahali pale ndiyo iliyotuachia jina la Kengeleni ambalo makondakta wa matatu hulitaja hadi leo. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Watu wale walikuwa wameshushwa kwa nguvu, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba walipoinuka walifanya kiburi. Kwa hiyo mtume Paulo anapowaandikia Wafilipi, katika sura ya pili, kwamba Kristo "akatwaa namna ya mtumwa", uzito wote umo ndani ya kile kitenzi: alitwaa mwenyewe, hakutwaliwa.

Waraka huo, ambao ndio unaosomwa zaidi unyenyekevu unapotajwa, ulipelekwa katika mji ambao Paulo alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba yeye si mnyonge. Sura ya 16 ya Matendo ya Mitume inaeleza kwamba huko Filipi alipigwa kwa bakora na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa, na kulipopambazuka wakuu wakatuma watu wamtoe kimya kimya, naye akakataa kutoka. Akataka waje wao wenyewe wamtoe, kwa kuwa alikuwa raia wa Rumi. Wafilipi waliosoma baadaye kwamba kila mtu amhesabu mwenzake kuwa bora kuliko yeye walikuwa wakiikumbuka asubuhi ile.

Zoezi la hatua hii ni swali moja la kujiuliza kabla ya kutenda: je, jambo hili nalichagua mwenyewe kwa faida ya mwingine, au nalazimishwa na mtu ambaye faida yote ni yake? Mfanyakazi ambaye hajalipwa mshahara wa miezi mitatu na mke anayepigwa hawahitaji mwongozo huu. Wanahitaji haki yao, watu wa kuwasindikiza kwenda kuidai, na mchungaji asiyewaambia wanyenyekee.

Hatua ya pili: anza nyumbani, kabla ya chai

Ni rahisi kuwa mnyenyekevu kanisani, mahali ambapo kila mtu anautazamia unyenyekevu wako. Nyumbani hakuna anayekutazama isipokuwa wale wanaokujua, na kwa hiyo ndiko kunakofaa kuanzia. Kama mna mtu anayewasaidia kazi za nyumba, mwamkie wewe kwanza, kwa jina lake, kabla hujamtuma chochote. Hakikisha kwamba chakula anachokula ndicho mnachokula ninyi, si makoko na mchuzi uliobaki. Na kikombe ulichonywea, kioshe mwenyewe. Kisha chagua kazi moja ya nyumbani ambayo haina heshima yoyote, uifanye kila siku bila kuitangaza. Katika mitaa yetu mingi maji ya mfereji huja kwa kubahatisha na mitungi ya lita ishirini hununuliwa kwa mchuuzi, basi kuamka na kuiingiza ndani mitungi hiyo kabla wengine hawajaamka ni kazi inayofaa sana. Kama baada ya wiki moja hakuna aliyeuliza ni nani anayeiingiza, zoezi linakwenda vizuri, hata kama wewe mwenyewe unaona kwamba linakwenda vibaya.

Hatua ya tatu: njiani na kivukoni

Kivuko cha Likoni ni shule nzuri ya jambo hili, na haina karo kwa aendaye kwa miguu, kwa kuwa magari hulipishwa na watembea kwa miguu huvuka bure. Hapo karani, mchuuzi wa samaki, mwanafunzi na afisa aliyeacha gari lake kwake husimama bega kwa bega wakitokwa na jasho, na feri inapogusa ng'ambo kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kukanyaga nchi kavu. Zoezi la kwanza ni kuacha kusukumana: simama nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, utoke kwa mwendo wake, hata kama njia imefunguka kando yako. Utapoteza dakika mbili, na katika dakika hizo mbili utashangaa jinsi nafsi inavyoweza kupiga kelele bila kufungua kinywa.

Zoezi la pili liko kwenye mteremko wa kutokea kivukoni, ambao kwa mwenye mzigo ni mlima. Mkokoteni ukiwa umebeba magunia ya mkaa hupandishwa na watu wawili: mmoja huwa mbele kati ya mikono ya mkokoteni, amejilaza mpaka kifua chake kinakaribia lami, na mwingine husukuma kwa nyuma, akala zake zikiteleza na mishipa ya shingo ikiwa imesimama. Mara nyingi yule wa nyuma hayupo. Weka kiganja chako juu ya gunia, usukume mpaka juu, kisha uende zako kabla hujashukuriwa. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilifika kazini na alama nyeusi ya mkaa kwenye shati, na nusu ya asubuhi ile niliipoteza nikipita mbele ya meza za wenzangu, nikingoja mmoja wao aniulize doa lile lilitoka wapi. Hakuna aliyeuliza, na nakiri kwamba nilikasirika.

Hatua ya nne: sifa, viti na michango

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mambo yenyewe ni mepesi kueleweka. Mtu akikusifu kwa kazi nzuri, jibu "asante" na unyamaze. Wengi wetu hujibu "mimi si kitu, ni Mungu tu", na ingawa neno hilo ni la kweli, masikio yetu hubaki wazi yakingoja msifuji arudie kwa mkazo zaidi. Wahenga wa pwani, waliozijua minazi na wagemaji wake, walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi baada ya sifa kubwa irudie kazi iliyosifiwa na uikague kwa jicho kali kuliko kawaida.

Kuhusu viti, Yesu mwenyewe alitoa maelekezo ya wazi katika Luka 14, kwamba ukialikwa arusini uketi mahali pa nyuma, na aliyekualika ndiye atakayekuita mbele. Katika sherehe zetu maana yake ni kukaa kwenye viti vya plastiki, usizungukezunguke karibu na meza kuu ukijifanya unatafuta mtu. Wanaowapokea wageni mlangoni mwa kanisa nao wasome mwanzo wa Yakobo 2, ambapo mwenye pete ya dhahabu anakaribishwa mahali pazuri na maskini anaambiwa asimame kule, kisha wajiulize safu ya mbele wamewawekea akina nani.

Mchango unahitaji ufundi kidogo. Mathayo 6 inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, lakini ujumbe wa M-Pesa humwonyesha anayepokea jina la aliyetuma. Kama unamlipia mtoto wa jirani karo, ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kwa nambari ya mwanafunzi. Kama ni mchango wa matibabu, mpe mtu mwaminifu aupeleke bila kukutaja. Na katika harambee ambapo majina husomwa kwa kipaza sauti, hakuna ubaya kuomba kwamba lako lisisomwe, ilimradi usiombe kwa sauti ya kusikiwa na meza nzima.

Hatua ya tano: kukosolewa na kuomba radhi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wetu tulioishi kanisani miaka mingi hatujaivuka. Mtu anaweza kusukuma mikokoteni mwaka mzima na kuketi nyuma katika kila arusi, lakini siku anapoambiwa na mdogo wake kwamba amekosea, jengo lote likabomoka.

Nitaeleza lililonipata mimi. Nilikuwa katika kamati ya kuhesabu sadaka, na Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa watu sita kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu, noti zikiwa zimefungwa kwa mafungu na sarafu zikiwa zimemwagwa mezani. Binti mmoja aliyeingia katika kamati mwezi uliotangulia akaniambia kwa upole, "Samahani mzee, fungu hili ni la noti za mia mbili, nawe umeliandika kama la mia tano." Nikamjibu mbele ya wote kwamba nilikuwa nikihesabu fedha za kanisa kabla yeye hajazaliwa. Hakusema neno, aliinamisha kichwa, akaendelea kupanga sarafu za shilingi ishirini katika vimnara vidogo vya kumi kumi. Tulipohesabu upya tulikuta noti ishirini za mia mbili, kwa hiyo daftari langu lilikuwa limezidisha shilingi 6,000. Nikasahihisha, nikasema "haya, tufunge", kana kwamba ni daftari ndilo lililokosea.

Jumapili iliyofuata nilimsimamisha kwenye ngazi za nje, nikamwambia, "Binti yangu, kama nilikukwaza siku ile unisamehe, unajua sisi wazee tunachoka." Akanijibu, "Haina shida, mzee," nami nikaenda nyumbani nikijiona nimetimiza haki yote. Ilinichukua wiki mbili zaidi kuelewa kwamba sikuwa nimeomba msamaha hata kidogo. Neno "kama" lilikuwa limeigeuza dharau yangu ya hakika kuwa jambo la kukisiwa. Uchovu ulikuwa umebebeshwa kosa ambalo lilikuwa langu. Na radhi niliyoiomba faraghani ilikuwa ya aibu niliyomtia hadharani. Jumapili ya tatu, katika chumba kile kile na mbele ya watu wale wale, nilisema, "Nilikudharau mbele ya wenzetu, na hesabu yako ndiyo iliyokuwa sahihi. Naomba unisamehe." Akasema amenisamehe, kisha, bila kupoteza muda, akanisogezea fungu jingine na kusema kwamba hilo nalo aliona halijatimia.

Kutokana na hayo napendekeza mambo haya kwa anayekosolewa. Kwanza, nyamaza kwa muda wa pumzi tatu, kwa kuwa jibu la kwanza linalokuja mdomoni karibu kila mara ni la kujikinga. Kisha rudia kwa maneno yako mwenyewe kile ulichoambiwa, ili mwenzako ajue umesikia na wewe ujue umeelewa. Tafuta sehemu iliyo ya kweli na uitaje hiyo kwanza, hata kama ni ndogo. Iliyo ya uongo utaweza kuieleza baadaye kwa utulivu, au ukaona haina haja. Inapofika zamu ya kuomba radhi, taja kosa kwa jina lake, ondoa neno "kama", usitoe sababu, na uombe mahali palipotokea kosa, mbele ya walioliona. Mathayo 5 inasema mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu aende akapatane kwanza na ndugu yake, na sisi tuliokuwa tukizihesabu sadaka hizo hatukuwa na kisingizio cha kutolijua andiko hilo. Kama ulichochukua ni mali, kirudishe. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Na aliyekosewa usimshurutishe akusamehe siku hiyo hiyo, kwa sababu msamaha ni wake, na ratiba yake si yako.

Ukiwa wewe ndiye unayekosoa, fuata Mathayo 18:15 kwa makini: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Kundi la WhatsApp la jumuiya si "wewe na yeye peke yenu", hata ukianza ujumbe wako kwa "Bwana asifiwe".

Hatua ya sita: kubali kutawadhwa

Hatua hii huwashangaza watu wanaodhani kwamba mnyenyekevu ni yule anayetoa tu. Katika ile sura ya 13 ya Yohana, aliyekataa hakuwa Yuda bali Petro, na alikataa kwa maneno ya heshima kabisa: Bwana wake hangemtawadha miguu kamwe. Jibu alilopewa ni zito: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Kuna kiburi kinachojificha ndani ya kusaidia, kwa maana anayesaidia siku zote ndiye anayekaa juu, na anayekataa kusaidiwa anawanyima wenzake nafasi ya kuinama.

Pwani hii ina mfano wake. Johannes Rebmann, mmishonari kutoka Ujerumani, alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846 kuungana na mmishonari mwenzake Johann Ludwig Krapf, na mwaka 1848 akaiona theluji juu ya Kilimanjaro na kuiandika, lakini baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakambishia wakisema kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliendelea na kazi yake ya lugha na mafundisho, waumini wakiwa wachache mno, mpaka alipoondoka mwaka 1875 akiwa amepofuka. Macho yaliyoona jambo ambalo wasomi walilikana yaliishia kuhitaji kuongozwa na wengine hata katika kutembea, na kwangu mimi sehemu hiyo ya mwisho ina mafundisho mengi kuliko ule mlima.

Mazoezi yenyewe ni madogo. Kijana akikupisha kiti kwenye matatu, kaa na useme ahsante, wala usibishane naye mpaka Buxton. Mwombe mwanao akufundishe jambo la simu ambalo umekuwa ukijifanya unalijua. Jirani akikuletea sahani ya futari mwezi wa Ramadhani, ipokee kwa mikono miwili na uile akiwa bado anakuona kama ikibidi, kisha, ingawa desturi yetu ni kwamba sahani hairudi tupu, usikimbilie kuijaza kesho yake ili mlingane. Kaa siku chache ukiwa na deni lake. Kwa wengi wetu siku hizo chache ni ngumu kuliko mkokoteni.

Hatua ya saba: dakika tano za usiku

Kabla ya kulala, zima simu na ukae mahali pamoja. Anza kwa sala ya yule mtoza ushuru wa Luka 18, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", uiseme mara moja tu na usiongeze mapambo, kwa kuwa Farisayo aliyekuwa karibu naye ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Kisha jiulize mambo matatu: leo ni nani aliyenisaidia nami sikumshukuru, ni nani niliyemkatiza maneno yake, na ni nani ambaye nilimwona asubuhi nikajifanya sikumwona. Usihesabu mema uliyoyatenda, na ukigundua kwamba umeanza kuyahesabu, usijigombeze kwa muda mrefu, maana hata kujigombeza kunaweza kugeuka kuwa njia nyingine ya kujitazama. Lile jina litakalokujia kwanza, liandike kwenye kipande cha karatasi, ukiweke chini ya funguo zako za nyumba, ili kesho usiweze kutoka bila kukishika.